Land Rover kuukuu: Kitabu kwanza, mkasi baadaye

Wafanyabiashara wanaofuata mpunga Kamsamba, ukingoni mwa Mto Momba, wanaijua thamani ya gari la zamani lenye chesesi imara. Lakini mpenzi wa magari ya kale hanunui Land Rover ya miaka ya 1960 kwa nguvu zake tu. Hununua uhalisi, na huutafuta hata ndani ya gari.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Ukimwachia fundi wa viti wa Tunduma achane na kushona reksini yoyote iliyopo dukani, gari litapendeza, ila bei itashuka. Kosa si la fundi, hakupewa mwongozo.

Kitabu cha matengenezo cha kiwandani hueleza zaidi injini, gia na breki. Kwa viti, milango na dashibodi, kinachofaa zaidi ni katalogi ya vipuri, yenye mchoro na namba ya kila kipande. Brooklands Books ya Uingereza huvichapisha upya vitabu vya aina zote mbili.

Kabla ya kuagiza, soma namba ya chesesi. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ina geji mbele ya dereva. Zilizotangulia zinazo katikati ya dashibodi. Katalogi ya moja itakupotosha kwa nyingine.

Ushauri wetu: wenye magari haya wachangiane nakala moja, ikae kwa fundi. Gharama ya kitabu hugawanyika. Kiti cha asili kikishatupwa, hakuna wa kugawana naye hasara.