Novemba ikikauka, mtoto huumia Februari

Familia nyingi za kaskazini mashariki mwa Kenya hupanga maisha kwa misimu miwili. Masika huja Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, na kilele chake ni Novemba. Miezi mingine ni ya kiangazi.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha huko, na vilevile Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mifugo ilikufa kwa mamilioni na watoto wengi wakadhoofika.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalioni mapema ni kwamba njaa haiji mwezi ule ule mvua inapokosa. Novemba ikipita kavu, bwawa bado lina maji na mbuzi bado wanakamuliwa. Shida hubisha hodi Februari na Machi, miezi yenye joto kali kuliko yote. Wajir na Garissa, joto la mchana hupita nyuzi 35. Jua hilo hukausha bwawa na malisho yaliyobaki. Mifugo hupelekwa mbali na maziwa huondoka nayo. Mtoto aliyezoea chai ya maziwa huanza kunywa chai ya rangi.

Kwa hiyo muda wa kujiandaa ni Novemba na Desemba. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti ya maeneo kame. Dalili zikiwa mbaya, ni afadhali kuuza mbuzi wachache wangali wanono na kununua unga, maharagwe na mafuta. Anayengoja karo ya Januari imlazimishe kuuza huenda sokoni na mnyama aliyekonda, na bei huwa imeshaanguka. Mifugo ikihamishwa, mbuzi mmoja au wawili wa maziwa wabaki nyumbani kwa ajili ya watoto.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano apimwe mkono wa juu kwa utepe wa rangi, ambao wahudumu wa afya wa jamii huwafundisha wazazi kuutumia. Kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni kukimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikivimba, apelekwe hata kama utepe unaonyesha kijani. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye tu, hata wakati wa joto; mama ndiye anayehitaji kunywa maji zaidi.

Katika nyumba nyingi, uamuzi wa kuuza mbuzi ni wa baba, lakini anayeona mkono wa mtoto ukikonda ni mama. Wakingoja hadi Februari ndipo wazungumze, mmoja atakuwa hana cha kuuza na mwingine ana mgonjwa mgongoni. Mazungumzo hayo yafanyike Novemba, mtoto angali anacheza.