Lita ya Oksijeni na Masharti Yake

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba ujazo wa gesi hauna maana pasipo kutajwa halijoto na mgandamizo wake. Ndiyo sababu wanakemia waliafikiana juu ya hali sanifu: nyuzi 0 za Selsiasi na, tangu 1982, mgandamizo wa kilopaskali 100 badala ya 101.325 za awali. Kwa badiliko hilo dogo, ujazo wa moli moja ya gesi ulitoka lita 22.4 ukawa 22.7. Gesi ni ileile. Kilichobadilika ni sharti la kipimo.

Inasikitisha kwamba somo hilo mara nyingi huachwa mlangoni pa wodi.

Mtungi wa oksijeni ulioachwa juani hadi halijoto yake ikapanda kutoka nyuzi 20 hadi 40 huonyesha mgandamizo uliozidi kwa takriban asilimia 7, ilhali ndani hamkuongezeka hata pumzi moja. Anayekadiria saa zilizobaki kwa kutazama mshale huo pekee hujipa matumaini asiyoweza kuyapumua mgonjwa. Vivyo hivyo, hewa itokayo mapafuni ikiwa na nyuzi 37 na unyevu kamili hupoa na kusinyaa ndani ya spirometa. Katika chumba chenye nyuzi 20, ujazo huhitaji kuongezwa takriban asilimia 10 ili ulingane na hali ya mwili. Halijoto ikiingizwa kimakosa, mapafu mazima huweza kuonekana magonjwa.

Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ina asilimia 21 ya oksijeni kama Dar es Salaam. Mgandamizo, hata hivyo, hushuka hadi karibu kilopaskali 80, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano.

Watasema wengine kwamba kituo chenye watumishi wachache hakina nafasi ya hesabu hizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini kinachodaiwa ni kidogo: mitungi ikae kivulini, halijoto ya chumba ihakikiwe kabla ya kipimo, na mwinuko wa kituo uandikwe kwenye fomu ya rufaa. Wala mwinuko usigeuzwe kisingizio: mgonjwa anayehema kwa shida, kipimo cha kidoleni kikiwa chini ya asilimia 90, anahitaji oksijeni, awe pwani au mlimani.

Naye mgonjwa akiuliza kipimo chake kilichukuliwa katika hali gani, asionekane msumbufu. Ameuliza swali la kwanza la kemia.