Gari la Nyumbani Linapoingiza Maji

Kuna harufu ambayo wengi wetu tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Ni ile ya nguo iliyolala imelowa, inayokupokea unapofungua mlango wa gari asubuhi moja ya masika. Tunanunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, tunateremsha madirisha kidogo, safari inaendelea. Mtoto akipiga chafya kiti cha nyuma tunasema ni vumbi.

Nimeamua tulizungumze jambo hili kwenye ukurasa wa afya, wala si kwa mafundi, kwa sababu limefika mezani kwangu kama ugonjwa. Mama mmoja tunayehudumu naye shule ya Jumapili ana mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Nyumbani mtoto alikuwa mzima. Jumamosi alicheza kutwa nzima. Lakini siku za shule alifika darasani akikohoa na kifua kikipiga filimbi, na mwalimu akaanza kudhani nyumbani hapewi dawa. Nilimwuliza mama maswali tunayouliza kliniki kila siku: inaanza saa ngapi, akiwa wapi, inatulia lini. Majibu yote yalielekea kwenye gari. Tukainua kapeti la mbele upande wa abiria, nikabonyeza sifongo iliyo chini yake kwa kiganja, maji yakapanda kati ya vidole. Juu, kapeti lilikuwa kavu kabisa.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Chini ya kapeti la gari kuna sifongo au manyoya mazito ya kuzuia kelele, nayo hushika maji kama godoro la mtoto. Juu panakauka kwa jua la siku moja, chini panabaki majimaji kwa wiki kadhaa, na kuvu linaota. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likaeleza kwamba vinahusiana na kukohoa, kubanwa kifua na pumu kuzidi. Gari si jengo, lakini ni chumba kidogo kilichofungwa ambamo feni inapuliza hewa usoni kwa mtoto. Mwenye pumu aendelee na dawa zake kama alivyoandikiwa. Unyevu nao uondolewe.

Jambo la pili linanitia hofu zaidi, na sijasikia likizungumzwa mara nyingi. Pale maji yanapoingilia, moshi nao hupita. Mpira wa mlango wa nyuma wa stesheni wagoni ukichakaa, au sakafu ya buti ikitobolewa na kutu, gari likiwa mwendoni moshi wa ekzosi unaweza kuvutwa ndani. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito usio wa kawaida. Tunasema mtoto huyu hapatani na gari, na huenda ni kweli, maana watoto wengi hutapika kwa mwendo tu. Lakini ikiwa kila anayekaa nyuma anaumwa kichwa, na kikatulia akishuka, msisubiri mwisho wa mwezi. Gari liende gereji, ekzosi na mipira ikaguliwe pamoja, na mpaka hapo watoto wasipandishwe. Anayelipeleka afungue madirisha yote na ahakikishe buti limefungwa.

Sasa tutafute maji yanatoka wapi. Usikubali fundi aanze kupaka gundi kabla ya kujua. Nimeona gari lililopakwa silikoni kuzunguka kioo kizima, likawa kama keki ya harusi, na mvua iliyofuata likaingiza maji vilevile.

Kwanza yaangalie maji yenyewe. Yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu, yananata kidogo na yana harufu tamutamu, hayo si ya mvua. Ni ya rejeta, yanavuja kwenye hita iliyo ndani ya dashibodi, na kioo cha mbele mara nyingi hushika ukungu wenye mafuta. Wanaotia maji ya bomba kwenye rejeta hawataona rangi. Wao waangalie kama maji yanapungua kila siku. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo, na ubaya wake ni kwamba ni tamu ulimini. Usiache chupa yake wala beseni la maji hayo mahali mtoto anapofika. Aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja, asitapishwe, wala msingoje dalili.

Yakiwa ni maji safi yasiyo na harufu, upande wa abiria, na hata kiangazi yapo, fikiria kiyoyozi. Kikifanya kazi kwenye joto la pwani kinatoa maji, nayo hushuka kwa kibomba kidogo cha mpira hadi chini ya gari. Umewahi kuona gari limesimama na kuacha kidimbwi kidogo? Ni kawaida. La ajabu ni gari lenye kiyoyozi kisichodondosha kitu siku ya joto la unyevu. Kibomba kimeziba kwa uchafu na maji yamerudi ndani. Fundi hukizibua kwa waya laini kwa dakika chache. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika hizo chache.

Maji ya mvua ndiyo yana njia nyingi. Fungua boneti utazame chini ya waipa, pale kwenye mfereji ulio mbele ya kioo. Hapo ndipo feni inapovutia hewa, na pembeni kuna matundu ya kutolea maji. Gari linalolala chini ya mwarobaini hujaza mfereji huo majani madogo yanayooza na kuwa kama udongo wa bustani. Maji yakikosa pa kutokea hupanda mpaka kwenye njia ya feni na kushukia miguuni mwa abiria. Hilo ndilo tuliloliona kwenye gari la yule mama, na dawa yake ilikuwa mikono miwili, ndoo na brashi ya kuoshea chupa za mtoto.

Milango nayo inahitaji kueleweka. Wengi hushtuka kuambiwa kuwa maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida: hupita kando ya kioo, hushuka, na kutokea kwenye vitundu vilivyo ukingo wa chini. Vitundu vikiziba utasikia maji yakichezacheza unapofunga mlango, na mlango utaoza kwa kutu kutoka ndani. Vizibue kwa kijiti. Ndani, nyuma ya ule ubao wa mlango, huwa kuna karatasi ya nailoni inayozuia maji yasiingie chumbani. Kila fundi wa vioo, wa redio au wa kitasa akifungua mlango huichana, na wengine huitupa kabisa. Kama gari limelowa kandokando ya mlango, uliza karatasi hiyo iko wapi. Nailoni ngumu inayotandikwa chini ya zege yafaa, ikikatwa kwa kipimo na kubandikwa kingo zote kwa gundi ya utepe isiyokauka.

Buti likishika maji, inua tairi la akiba. Kagua mipira ya taa za nyuma, mpira wa buti na vizibo vya sakafuni. Magari yenye dirisha la paa yana vibomba vya kushusha maji pembeni mwa dirisha hilo; visipulizwe kwa upepo mkali wa gereji, kwa sababu huchomoka vilipounganishwa, na ukarabati wake ni kushusha dari. Tena ukilitoa tairi, usiliache nje likusanye maji. Dar es Salaam iliona mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda sana maji ya ndani ya tairi.

Kama bado hujui, fanyeni jaribio la wawili. Gari likauke kwanza, makapeti yainuliwe. Baba au kijana wa nyumbani ashike mpira wa kumwagilia, wewe ukae ndani na tochi, maana wewe ndiye unayejua hali ya kawaida ya gari hilo. Maji yatiririke tu, yasipigwe kwa pampu ya kuoshea magari. Anzeni chini, dakika tano mahali pamoja, ndipo mpande: mlango, kioo, mwisho paa. Mkianzia juu maji hushuka kila upande na hamtajua lolote. Mpira wa mlango unaoutilia shaka upake poda ya mtoto. Maji yakipita yatachora mstari. Au ufungie mlango kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila ubishi, mpira haubani.

Kuhusu dawa za mipira, jina la mafuta ya kujipaka lisitajwe. Mafuta ya petroli huharibu glavu zetu za mpira hospitalini, na mipira mingi ya milango nayo huvimba na kulegea kwayo. Osha kwa maji na sabuni, kausha, paka gliserini kidogo. Mpira uliokatika ununuliwe mwingine. Kioo cha mbele kinachovuja kitolewe, kutu isuguliwe, kirudishwe kwa gundi yake halisi ya vioo vya magari. Silikoni ya bafuni yenye harufu kama siki ina asidi, na bati lililo chini yake litaota kutu bila wewe kuona.

Kukausha ndiko kazi ya mama, na haina njia ya mkato. Viti vitolewe. Lakini magari mengi ya tangu miaka ya 1990 yana mifuko ya hewa na nyaya zake, mara nyingi zenye viunganishi vya njano, hupita chini ya viti; betri ikatwe na fundi umeme, wala usivichomoe mwenyewe. Kapeti lifuliwe kwa sabuni na kuanikwa. Sifongo hukawia, ibonyeze kila siku, na kama imeshika kuvu jeusi itupwe. Vaa barakoa unaposugua kuvu, na mwenye pumu asiwe karibu. Jiki usiichanganye na siki wala dawa yenye amonia, na isiguse mikanda ya viti kabisa, kwa sababu hudhoofisha nyuzi zitakazomshika mtoto siku ya ajali. Mikanda ni sabuni laini na maji vuguvugu tu.

Kabla ya kurudisha kapeti, tandika gazeti sakafuni, liendesheni gari hivyohivyo mpaka mvua kubwa mbili zipite. Gazeti likijikunja mahali, weka alama ya chaki hapo, umwonyeshe fundi.