Mshindi wa Msimu, Mshinde wa Siku

Ramadhani ya mwaka 2025 nalikuwa mgeni wa jamaa zangu huko Njiru, mashariki ya Nairobi. Saa tisa za usiku, nilipoamka kula daku, nalimkuta kijana wa nyumba ile, mwanafunzi wa chuo, ameikodolea macho televisheni.

"Ami," akaniambia, "huu ni mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Huko sasa ni jioni."

Nikamtaka anieleze, naye akanieleza. Vyuo vile hugawanywa katika miungano iitwayo konferensi. Timu hushindana tangu Novemba, kisha mwezi wa Machi kila konferensi hukusanya timu zake kwa siku chache, na ashindwaye hutoka papo hapo. Bingwa wa siku hizo ndiye apewaye nafasi katika mashindano ya taifa zima, yaliyoanza mwaka 1939 na ambayo mwaka ule yalichukua timu 68. Nafasi nyingine hugawanywa na kamati, na aghalabu huendea konferensi kubwa.

Basi timu ya konferensi ndogo yaweza kuongoza msimu wote, ikateleza usiku mmoja, ikabaki nyumbani. Je, ndugu msomaji, hii ni haki?

Mimi nasema si haki. Chuoni tulikosomea Kurani, mtoto akikwama kwenye aya moja mwalimu humrudisha aisome tena. Hamfukuzi akasahau juzuu alizokwisha kuhifadhi. Na si mimi pekee nionaye hivi. Konferensi ya Ivy, yenye Harvard na Yale, ilimpeleka bingwa wa msimu mpaka mwaka 2017, ndipo nayo ikafuata wenziwe, ikiwa ya mwisho. Hapa Kenya, ambako Strathmore na vyuo vingine hupambana katika ligi moja na KPA yetu ya Mombasa, fainali ina subira: bingwa ni ashindaye mara tatu katika tano.

Kijana hakukubali. "Ami, na yule mnyonge aliyeshindwa msimu wote, asipopewa siku hii atapewa lini? Sisi wa mitaa hii twaijua thamani ya mlango mmoja ulio wazi."

Neno lile lilinichoma, kwani ni la kweli. Mlango wa mnyonge usifungwe. Lakini ya nini kumfungulia huyu kwa kumfungia aliyetoka jasho miezi minne? Bingwa wa msimu na apewe haki yake kwanza, kisha siku zile za Machi ziwe mlango wa pili kwa wengine. Wenye mali kama wale hawashindwi na milango miwili.

Nasi tusimamiao michezo na mitihani ya vijana wetu, tujiulize: twapima kazi ya mwaka, au twapima bahati ya siku?