Rubani ni wa Bahari Pia

Juzi, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa barazani hapa Mombasa. Mzee mmoja akasimulia habari za rubani aliyetoka kwenda kuipokea meli mlangoni mwa Kilindini. Kijana mmoja, tena msomi, akaangua kicheko: "Ami, meli nayo ina mbawa?" Tukacheka sote, lakini mimi nilicheka kwa uchungu.

Neno rubani tumelipata kwa Waarabu, nao walilitumia baharini kabla ya ndege kujulikana. Rubani ndiye mjuzi wa njia ya maji: anajua mwamba uliko, fungu lilipo, na jinsi mkondo unavyovuta maji yakijaa na yakitoka. Nahodha ni mwingine. Neno lake asili yake ni Uajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Shehena na watu wako katika dhamana yake. Tena alikuwako mwalimu, mwenye elimu ya nyota. Vasco da Gama alipoondoka Malindi Aprili 1498, aliyemwongoza hadi Calicut Wareno walimwandika kwa cheo cha "Malemo", yaani mwalimu huyo huyo.

Ndege zilipokuja, lugha yetu ilitaka jina la mwenye kuziendesha, ikaazima baharini. Si aibu. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo; neno lao "pailoti" lilikuwa la chomboni kwanza.

Ubaya ni kumkaribisha mgeni kisha ukamtoa mwenye nyumba. Leo wako wanaoandika "mwongoza meli" au "pailoti wa bandari", kana kwamba kazi hiyo haikuwa na jina. Na hali meli kubwa haiingii Kilindini hata leo mpaka rubani aifuate kwa mashua, apande ngazi ya kamba, asimame ubavuni mwa nahodha amwonyeshe njia. Nahodha ni wa chombo. Rubani ni wa maji.

Nawasihi walimu na watangazaji: semeni rubani wa ndege, na semeni rubani wa meli. Nanyi wazee wa Mji wa Kale, wapeni wajukuu maneno haya mngali hai, kwani neno likipotea, ujuzi uliomo hupotea nalo.

Kijana wetu tulimwambia aende Likoni, asimame kivukoni atazame meli ikipita. Mbawa hatoziona, lakini rubani yumo.