Uraia Hauvushwi kwa Magendo

Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, kila aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Kagera kwa njia hiyo hakuwa na budi kukaa foleni akingoja kivuko. Leo ng'ambo hufikiwa kwa dakika chache, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo.

Hata hivyo, wapo majirani zetu katika mwambao huu ambao bado hawajafika ng'ambo. Walikuja kutoka Burundi, Rwanda, Kongo au Uganda, wengine wakikimbia vita, wengine wakifuata samaki, mashamba na dhahabu. Wameishi nasi miaka ishirini, thelathini na zaidi, wameoa na kuolewa kwetu, wamezika wazazi wao katika ardhi hii. Lugha ya ofisi huwaita wahamiaji walowezi. Wao hujiona ni wenyeji, na sisi tumezoea kuwaona hivyo, lakini mbele ya sheria bado ni wageni.

Tunasema wazi: mazoea hayampi mtu uraia. Hata kuzaliwa hapa peke yake, kwa jinsi sheria inavyotekelezwa, hakumfanyi kuwa raia mtoto ambaye wazazi wake wote wawili si raia. Njia iliyowekwa ni uraia wa tajnisi, chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mwombaji awe amekaa nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla ya ukaazi wake isipungue miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, awe na mchango kwa taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Mwanamke aliyeolewa na raia anayo njia yake mahsusi, lakini mwanamume aliyeoa raia hupita njia ya kawaida. Maombi hupitia ngazi mbalimbali mpaka kufika mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Tangazo pia hutolewa gazetini, ili mwenye pingamizi alitoe. Anayekubaliwa huukana uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Kwa nini basi wengi hawaombi? Wengine hukwamishwa na gharama, wengine hawaijui njia yenyewe. Lakini kubwa kuliko yote ni hofu. Watu wa kanda hii hawajaisahau Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ambapo maelfu waliondolewa nchini, wakiwamo waliosema kwamba wameishi hapa kwa miongo mingi. Tangu hapo mtu huona kwamba kuingia ofisi ya Uhamiaji ni kujipeleka mwenyewe kukamatwa. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini anayejificha leo huwarithisha watoto wake maficho hayo hayo: mtoto hufaulu darasani, kisha hukwama siku anapoulizwa wazazi wake ni raia wa wapi.

Hofu hiyo ndiyo mtaji wa madalali. Wapo wanaonong'ona kwamba kwa kiasi fulani cha fedha wanaweza kukupatia cheti cha kuzaliwa, kukutafutia mzee wa kukuita mwanawe, na kukufikisha mpaka kwenye kitambulisho cha taifa. Huo ni uvushaji wa magendo. Uraia wa tajnisi uliopatikana kwa ulaghai unaweza kufutwa, na aliyetoa maelezo ya uongo hushtakiwa. Aliyenunua karatasi hanunui usalama. Amempa dalali wake siri ya kumtoza maisha yake yote.

Hapa lawama inatugeukia sisi tulio raia. Nani humwita kijana wa kijijini kwetu mwanawe, hali anajua hakumzaa? Nani hukaa kimya miaka yote, kisha ugomvi wa mpaka wa shamba ukizuka hukimbilia kusema kwamba jirani yake si raia? Huyo wa kwanza ametoa ushahidi wa uongo, na huyo wa pili ameufanya ukweli kuwa silaha ya dhuluma. Qur'ani Tukufu inatuamuru tusimamie uadilifu tunaposhuhudia, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Jirani anayeomba uraia kwa haki anastahili ushuhuda wetu wa kweli, bila chumvi na bila kudai chochote.

Serikali nayo inao mfano wake wenyewe wa kujifunzia. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliokaa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walifunguliwa mlango wa tajnisi, na kufikia mwaka 2010 zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Ukarimu huo ulisifiwa duniani. Lakini kwa kuwa walitakiwa kwanza kuhama makazi hayo, vyeti vyao vilizuiliwa mpaka Oktoba 2014. Watu waliokwisha kuukana uraia wa Burundi walikaa miaka minne bila hati ya Tanzania mkononi. Ukarimu unaocheleweshwa namna hiyo humtesa aliyekwisha kuuamini. Tunaziomba mamlaka zifike katika vijiji na visiwa vya ziwa hili, zieleze masharti na ada hadharani, na zimhakikishie anayejitokeza kwa hiari kwamba atasikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Nanyi ndugu zetu mlio bado gizani, tunawasihi: msimwendee dalali. Kusanyeni kila hati mliyo nayo, hata ile kuukuu. Asiye na kibali cha ukaazi aanze na hilo, na asiyeelewa atafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kujaza fomu. Safari hii ni ndefu, na Waziri halazimiki kutoa sababu za uamuzi wake. Lakini anayeingia kwa mlango huapa akijua kwamba kiapo chake ni cha kweli, na watoto wake hawatarithi uongo. Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi, na atujaalie sisi kuwa mashahidi wa haki. Amin.