Vidonge Vilivyosalia Kabatini



Mtoto akipata nafuu ya kuhara, mama huviweka vidonge vya antibiotiki vilivyosalia, ili amsaidie jirani mwanawe atakapougua. Nia ni njema, lakini tendo lina madhara.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja. Mbali na DNA yake kuu, mara nyingi hubeba plazimidi, nayo ni DNA ndogo, aghalabu ya mviringo kama pete. Pete hiyo hunakiliwa peke yake, na bakteria agawanyikapo, wanawe huirithi. Tena huweza kumpa mwenziwe nakala, hata asiyekuwa wa jinsi yake. Na kwa kuwa DNA hukatika na kuungana upya, jeni za kuzishinda dawa mbalimbali huweza kukusanyika katika pete moja.

Huko Japani, katika miaka ya 1950, wataalamu walikuta vijidudu vya kuhara damu visivyosikia dawa nne kwa pamoja. Ikabainika kwamba vilikuwa vikipokezana kinga hiyo.

Antibiotiki itumiwapo ovyo, bakteria dhaifu hufa, wakabaki wenye pete na kuzaana. Siku mtoto augue kweli, dawa haitafua dafu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Basi dawa ni amana: tusiinunue bila ya kuandikiwa na daktari, tuitumie kama alivyoagiza, wala tusigawiane mabaki.